Kikombe cha Bibi Nyamizi

Tulivuka mpaka pale Horohoro tukiwa na masanduku mawili yaliyofanana. Ofisa wa zamu aliyafungua yote mawili, akaona mashati meupe yaliyokunjwa vizuri na tai nyeusi juu yake, akayatazama kama mtu aliyekuta risasi. Aliuliza kama tulikuwa wahudumu wa hoteli. Mwenzangu, Ndugu Zefania, akamjibu kwamba tulikuwa wajumbe wa Bwana, na ofisa akasema kwa upole kwamba nchini kwao mabwana walikuwa wamekwisha, kila mtu sasa ni ndugu. Zefania akafurahi, akamwambia hata katika kanisa letu tunaitana ndugu. Ofisa hakufurahi. Aligonga muhuri, kisha akatufuata kwa macho mpaka basi la Tanga likaondoka. Ndivyo nilivyoingia Tanzania nikiwa na miaka ishirini, na jicho lile la ofisa ndilo lililonipokea kila nilikokwenda mwaka ule mzima. Lilibadilisha sura tu. Kutoka Tanga tulipita Korogwe, tukalala Morogoro kwenye benchi la stesheni, tukapanda gari moshi la kwenda bara, daraja la tatu, tukakaa tumebanana na watu waliorudi kwao na mikungu ya ndizi na vitanda vya kukunja. Dodoma palikuwa na vumbi jekundu. Baada ya Itigi hapakuwa na kitu ila miti, miti myembamba ya miombo isiyokwisha, na mzee mmoja aliyekaa mkabala nasi akafungua chupa yake ya chai, akawamiminia abiria wote wa sehemu yetu kwa zamu, kikombe kimoja kikizunguka. Kilipotufikia sisi, Zefania akainua kiganja. Mzee akangoja kidogo, akidhani ni adabu. Alipoona si adabu, akafunga chupa, akamwambia jirani yake, bila kututazama, kwamba asiyekunywa na wenzake safarini ana lake.

Kanisa letu lilikuwa dogo, na sitalitaja jina kwa sababu bado lina watu wema ndani yake. Lilituma vijana wawiliwawili nchi za jirani, wakae mwaka au miaka miwili, wafundishe nyumba kwa nyumba. Masharti yalikuwa machache na hayakuwa na mlango wa nyuma. Wawili hawaachani. Hawavuti tumbaku, hawanywi pombe, wala kahawa, wala chai. Na kila nyumba wanayopokelewa waulize majina ya wafu wa nyumba hiyo, ili kanisa liwaombee kwa majina yao, kwa kuwa tuliamini kwamba hata aliyekufa bila kusikia Neno anaweza kufikiwa. Mimi nililipenda fundisho hilo la wafu kuliko mengine yote. Nililiona la huruma. Sikuwa nimefikiria lingesikikaje kwa mtu aliyefungua mlango wake akakuta vijana wawili wasiojulikana wanaomba majina ya marehemu wake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mazishi. Agosti iliyopita niliteremka kutoka lori moja lililonileta toka Lodwar, nikapanda mengine mawili, nikafika Maragoli kumzika Zefania. Hatukuwa tumeonana tangu Tabora. Katikati ya miaka hiyo nimefanya kazi za kila namna, nimepakia samaki Mwanza, nimelinda ghala Lubumbashi, na kila mahali nikizoeleka huanza kusikia gari moshi kichwani, nikafunga mzigo. Uwanjani kwa marehemu akina mama walikuwa wamepika chai ya maziwa katika masufuria makubwa, kama desturi ya huko. Mjane wake alinijia na kikombe mwenyewe. Aliposikia mimi ndiye yule Gideoni wa Tabora, aliketi kando yangu, akasema marehemu hakuweza kuianza siku bila chai. Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema, “Alikuwa akiniambia aliizoea huko Tabora, mlikokuwa pamoja.” Nilishika kikombe kile mpaka kikapoa. Nimekaa na neno hilo miezi kadhaa sasa, na ili niliweke mahali pake lazima nianze na chumba tulichopanga mjini Tabora.

Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya Mzee Feruzi, fundi seremala, Mwislamu wa mji wa siku nyingi. Kilinuka maranda ya mbao na vumbi la mninga, na dirisha lake lilitazama uani, ambako wake zake walichambua mchele na kutuzungumzia kana kwamba sisi ni mbuzi waliofungwa pale. Mmoja alisema sisi ni makachero. Mwingine akasema kachero gani avae shati linaloonekana toka Kipalapala, nje ya mji. Wa kwanza akajibu hiyo ndiyo hila yenyewe. Jioni Mzee Feruzi alikaa barazani na wenzake, muuza kahawa akipita na buli lake la shaba na vikombe vinavyogongana, na kila jioni alituita. Zefania alimweleza sharti letu kwa urefu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mapadri wa seminari ya Kipalapala wanavuta kiko na bia wanakunywa, na hakuna anayesema si watu wa Mungu, sasa Mungu wetu sisi alikuwa amemwogopa nani kwenye kahawa? Wenzake walicheka, na mimi pia ningecheka kama Zefania asingekuwa ananiangalia. Baada ya hapo walitusalimu kwa heshima zote na hakuna mlango uliofunguka. Duka la Mhindi tuliponunua sabuni, mwenye duka alitupa chenji yetu kabla hatujamaliza kusema tulichotaka.

Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wanahamishwa kutoka mashambani kwao na kukusanywa katika vijiji vipya. Malori yalipita mjini yamebeba milango, vinu, vizee vilivyokaa juu ya magunia. Zefania aliyatazama siku moja, uso wake ukang'aa, akaniambia serikali imetukusanyia kondoo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa milimani, mnyofu kama ufito, na tangu alipookoka hakuwahi kuona jambo lililokuwa na pande mbili. Tukaomba ruhusa, ikatolewa kwa shingo upande, tukapanda gari moshi kurudi mashariki vituo vichache hadi Kigwa, na kutoka hapo kwa miguu hadi kijiji kipya kilichoitwa Mapambano.

Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, nyingi bado hazijaezekwa, na watu walikaa milangoni mwake kama abiria wanaongoja kuitwa. Balozi wa mstari wetu, yaani kiongozi wa nyumba kumi, alikuwa Mzee Maganga, mrefu, mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo. Alituonyesha kibanda mkabala na chake, akasema waziwazi kwamba anatuweka pale ili asipate taabu ya kututafuta. Alisoma kibali chetu, akaona mimi ni wa Rabai, pwani ya Kenya. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akajibu, “Marahaba, Mrabai. Kwenu Rabai mnazika wapi watu wenu?” Nikamwambia. Akasema vizuri, kwa hiyo wa hapa tuwaache. Habari za kuuliza wafu zilikuwa zimetutangulia kutoka mjini, pamoja na habari kwamba sisi ni mumiani, wanyonya damu. Kuta za vibanda vile zilikuwa za fito na udongo usiokauka, na kila jioni tuliyasikia mazungumzo ya upande wa pili kana kwamba tulialikwa. Mwanamume mmoja alisema mumiani hawezi kuvaa shati jeupe, damu ingeonekana. Mkewe akamwambia, “Ndiyo maana wanafua kila siku.”

Nyuma ya ukuta wetu mwingine alikaa Bibi Nyamizi na binti yake Kalunde. Bibi alikuwa mjane, mdogo wa umbo, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Walikuwa wamehamishwa kutoka pori la kusini, ambako jirani wa karibu alikuwa hasikiki hata akipiga yowe. Ndiye mtu wa kwanza kutukaribisha. Alituketisha kwenye vigoda, akatuwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na karanga. Kisha akatoa majani ya chai katika kikaratasi, yaliyotoka mjini, akayachemsha, akatia asali kwa sababu sukari ilikuwa haionekani. Alimimina vikombe viwili vya bati. Akanywa funda kutoka cha kwanza, akampa Zefania. Akanywa funda kutoka cha pili, akanipa mimi.

Zefania akainua kiganja. Alisema asante kwa adabu, sharti la kanisa haliruhusu. Nami, kwa kuwa wawili hawaachani, nikaweka changu chini. Kalunde aliyekuwa mlangoni aligeuka akatazama barabarani, kuona kama kuna aliyeshuhudia, na walikuwapo, kwa maana katika mstari ule hapakuwa na kitendo kisicho na shahidi. Bibi Nyamizi akakichukua kikombe cha Zefania, akakinywa chote. Akakichukua changu, akakinywa chote, taratibu, macho yake kwetu, ilhali chai ilikuwa ya moto kiasi cha kutoa machozi. Kisha akatuuliza habari za safari.

Kesho yake kisimani Kalunde alinieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa. Mgeni hapewi kinywaji mpaka mwenyeji akionje mbele yake. Huko ndiko kumwambia: tazama, sumu hakuna, uchawi hakuna, nikifa tufe wote. Desturi hiyo ni ya zamani, tangu watu wa misafara walipokuwa wakipita na pembe kwenda Bagamoyo na kila kijiji njiani kilikuwa kijiji cha wageni. Babu yake Bibi alikuwa mpagazi, na alinusurika njia hiyo kwa kutokunywa popote ambapo mwenyeji hakuanza. Sasa mtu akishaonjewa, halafu akakataa, anakuwa amesema nini? “Mmemwita mama mchawi mbele ya watu,” alisema Kalunde. “Tena kwa adabu.” Nilimwuliza kama hata yeye huonjewa. Akanitazama kama mjinga. Yeye ni mtoto wa nyumba. Nani huonja chai ya mwanawe?

Nilimpelekea Zefania maneno hayo. Alisikitika kwa dhati, akapendekeza twende tukamweleze Bibi fundisho letu vizuri zaidi. Tulikwenda, tukaeleza, akaitikia kila sentensi. Tangu hapo nilianza kupita kwake kila siku, Zefania akiwa amekaa mlangoni kwetu ananiona, ili tuhesabike kuwa pamoja. Nilimkandikia ukuta wa nyuma, naye Kalunde akawa anatutekea maji. Nilimsaidia kulima matuta, nikacheka nilipochekwa, kwa maana kule kwetu hatulimi kwa matuta na yangu yalikuwa yamelala kama ng'ombe wagonjwa. Aliniita mjukuu, halafu Mrabai, halafu mjukuu tena, kulingana na nilivyolima. Alinisimulia pori lake, mizinga yake ya nyuki iliyobaki juu ya miti bila mtu, na kaburi la mumewe, na watoto wawili waliotangulia. Siku moja, nikiwa nimeyasikia hayo yote, niliona ni wakati. Nikamwomba majina yao. Aliendelea kupeta mtama wake. Mwisho akasema, “Mimi nikupe wafu wangu, na wewe hata chai yangu huitaki?”

Nilichukua jembe, nikarudi kwenye matuta.

Mvua zilipoanza Zefania aliugua. Alianza kwa kuchoka, akaacha kula, kisha macho yake yakawa ya manjano kama kiini cha yai, na mkojo wake mweusi. Mganga wa zahanati ya Kigwa alisema ni ugonjwa wa ini, kwamba wengi huupata kutokana na maji mvua zinapoanza, na kwamba apelekwe hospitali ya mjini usafiri ukipatikana. Lakini ukutani nilisikia ugonjwa mwingine. Yule jirani aliyesema habari za shati jeupe alimwambia mkewe kwamba bibi kizee hasahau. Alikataliwa kikombe hadharani, akangoja. Mkewe akasema macho yale mekundu si ya moshi, moshi sote tunapika nao. Asubuhi mtoto wa nyumba ya pili alikutwa na homa, nayo ikaingizwa hesabuni. Wanawake wakaacha kuteka maji Kalunde akiwa kisimani. Kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya paa la Bibi, machache, kwa nafasi, na mrushaji hakuonekana, ingawa katika mstari ule, kama nilivyosema, kila kitendo kilikuwa na shahidi.

Nimewaza sana juu ya jambo hili tangu hapo, katika mabehewa na juu ya magunia. Watu hawa walikuwa wameishi mbalimbali vizazi na vizazi, na umbali ule ulikuwa dawa. Ukimshuku jirani, unapita njia nyingine. Sasa waliambiwa walale ukuta kwa ukuta na watu ambao hawakuwachagua, na shaka zao zikakosa mahali pa kwenda. Sisi tuliingia humo na mashati yetu na kiganja kilichoinuliwa, tukazionyesha njia.

Mzee Maganga alikuja kibandani kumwuliza mgonjwa. Alisimama karibu na kitanda, akamwuliza Zefania kwa utulivu kama kuna mtu anayemshuku. Nilikuwapo. Zefania alikuwa na homa, midomo imekauka, na sitaki kumwongezea marehemu neno. Alisema hakula kitu chochote kwa yule bibi. Nikashusha pumzi. Halafu akafumba macho, akasema, “Ila maji yetu hutekwa na binti yake.” Balozi alipotoka nje, watu waliokuwa wamesimama karibu na mlango walikuwa tayari wameanza kutawanyika kwenda kusimulia.

Mkutano uliitwa kesho yake, mchana, mbele ya ghala la kijiji. Hakuna aliyetamka neno uchawi. Lilitamkwa neno usalama. Jirani yule alisimama, akasema kwa lugha ya mikutano kwamba kuna mwananchi ambaye ingefaa ahamishiwe nje ya mistari, kule mwisho wa mashamba, kwa usalama wake mwenyewe. Kila mtu alijua kule mwisho wa mashamba ni pori, na kwamba nyumba ya mtu mmoja porini, masika yakiisha na nyasi kukauka, huungua na hakuna anayejua moto ulitoka wapi. Bibi Nyamizi alikaa chini miguu imenyooshwa, mikono mapajani. Kalunde alisimama nyuma yake, ameshika mwiko, sijui kwa nini, labda alitoka jikoni akasahau kuuweka.

Balozi akanigeukia mimi. Akasema mgeni huyu amekaa ukuta mmoja na mama huyu, amelima naye, tumsikie. Nikaanza kusema kwamba ni maji, kwamba mganga wa zahanati amesema ini. Mzee Maganga aliniacha nimalize, kisha akasema, na nayakumbuka maneno yake kuliko mahubiri yote niliyowahi kutoa: “Mrabai, ninyi ndio mliotangulia. Mlifika hapa, mkaonjewa, mkakataa. Kijiji kizima kikaona kwamba wasomi wawili wanaogopa kikombe cha mama huyu. Sasa unatuambia tusiogope?”

Nilitazama kibanda chetu. Mlango ulikuwa wazi, na niliweza kuona mguu wa kitanda cha Zefania. Nilijua sharti, nilijua pia kwamba maneno yangu hayana thamani mbele ya ghala lile. Nikamwambia Bibi, “Nina kiu.”

Hakuelewa mara moja, au alielewa akataka niseme tena. Nikasema, “Bibi, naomba chai.”

Moto uliwashwa pale pale uwanjani. Kalunde alileta sufuria na kile kikaratasi cha majani, asali katika kibuyu. Hakuna mtu aliyeondoka. Ilikuwa chai iliyochemka polepole kuliko chai yoyote duniani, na watoto walikaa mbele kama kwenye ngoma. Bibi akamimina, akanywa funda, akanipa. Nilikinywa. Ilikuwa tamu, nzito, yenye harufu ya moshi na ua la miombo, na nakiri kwamba hata katika funda la kwanza sehemu moja ya moyo wangu ilisubiri kuona kitakachotokea tumboni. Shaka ni kama funza, huingia hata kwa mwenye viatu. Nilipomaliza nikaomba cha pili. Mtu mmoja nyuma alisema, “Huyo ana njaa, si kiu,” na kicheko cha kwanza cha siku ile kikasikika. Mzee Maganga akachuchumaa, akanyoosha mkono apewe chake. Akanywa, na watu watatu au wanne zaidi wakanywa. Wengine walikataa kwa kuondoka.

Nilidhani yamekwisha. Jioni balozi alinipitia akanifumbua macho: zipo dawa za siku moja, zipo za mwezi. Wale walioondoka walikuwa wanasema nitazamwe nitakavyokuwa baada ya muda. Nikiondoka kijijini sasa hivi watasema nimefia njiani. “Kaa uonekane,” alisema. “Tembea. Nenepa ukiweza.”

Lori lilipatikana, Zefania akapelekwa hospitali mjini. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza, aliniambia tu kwamba ataniombea na kwamba itambidi awaambie wakubwa wa kanisa. Baada ya muda gari la kanisa likaja, Land Rover ya kijani, na msimamizi wetu kutoka Nairobi, mtu mstaarabu mwenye sauti ya chini. Tulizungumza kibandani, majirani wakisikiliza kupitia ukuta bila shaka. Alisema Ndugu Zefania, kutoka kitandani kwake, amemweleza kwa uchungu. Alisema hanihukumu, lakini utume wangu umekwisha, na nipande gari. Nilimwomba anipe muda hadi mavuno ya karanga. Nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza kama Zefania alivyomsikiliza Kalunde kupitia kinywa changu, kwa masikitiko ya kweli. Akasema watu wa nchi hizi ni lazima waachane na ushirikina wao, na kwamba mimi kwa kubaki ninauheshimu. Nikampa tai zangu. Sikupanda.

Na hapa ndipo neno la mjane linaponiuma. Hospitali gani nchini mle ilimpa mgonjwa asubuhi kitu kingine zaidi ya chai na mkate? Nani alimpelekea asali Zefania pale wodini, kama si Kalunde, aliyekwenda mjini mara mbili na kibuyu na kurudi bila kusema alikokuwa? Sina ushahidi. Huenda aliizoea baadaye, njiani kurudi, kwa baridi. Lakini nikimfikiria amelala pale, kikombe cha moto mkononi, akiniandalia mashtaka ya kikombe changu, siwezi kumchukia, na siwezi pia kuacha kumfikiria. Pengine alipokuwa akiinywa kila asubuhi nyumbani kwake Maragoli alikuwa akinijibu. Amekufa na jibu lake.

Nilibaki hadi karanga zikang'olewa. Nililala kibandani peke yangu, nikala kwa Bibi waziwazi, mlango ukiwa wazi. Nikapita mstari mzima kila asubuhi nikiamkia nyumba baada ya nyumba, “Mwangaluka,” na baadhi waliitika, na baadhi walinitazama mboni za macho kwanza. Mawe yaliacha kuanguka. Wanawake walirudi kisimani wakati wa Kalunde, mmoja mmoja, yule mke wa jirani akiwa wa mwisho. Mtoto wa nyumba ya pili alipona na hakuna aliyemtaja tena. Siku moja Mzee Maganga alisimama kwenye shamba la Bibi akiyatazama matuta yangu, akasema kwa sauti ili wa mbali wasikie kwamba mtu mwenye sumu tumboni hawezi kulima hivi. Hivi anaweza kulima tu mtu asiyejua kulima. Halafu akanisogelea. Aliniambia nilikuja kama mtu wa kanisa, na sasa sina kanisa. Mkoani wameuliza yule Mkenya anayezurura Mapambano ni nani. Yeye amejibu mara moja, mara ya pili hataweza. “Umeonekana vya kutosha,” alisema. “Nenda ukiwa mzima.”

Bibi Nyamizi alitembea nami hadi stesheni ya Kigwa, Kalunde akibeba sanduku langu kichwani. Nilimwambia anipe nilibebe mwenyewe, akasema babu zake walibeba ya watu wa pwani bure, hili ni jepesi. Stesheni ilikuwa na watu wachache, na mkuu wa stesheni alituangalia kama kawaida ya mwaka ule. Tulikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Bibi aliniambia nisogeze sikio. Akanitajia majina matatu, la mumewe na ya wale watoto wawili. Nilimwambia kwa aibu kwamba kanisa sina tena, sina wa kumpelekea. Akasema hakuyatoa kwa kanisa, amenipa mimi. Sitayaandika hapa. Nimeyasema katika mabehewa mengi, kimyakimya, nikiwa na shaka kama yanafika mahali.

Gari moshi lilipoonekana, Kalunde alifungua chupa aliyoifunga kwa kanga, Bibi akamimina chai katika kile kikombe cha bati. Nilikuwa nimekwisha kupanda, nimesimama dirishani. Alikiinua akanipa. Nikakishika nikangoja. Watu walikuwa wanapakia magunia ya karanga, filimbi ikalia, nami bado nilikuwa nimeshika kikombe, namtazama mdomo wake, na moyo wangu, baada ya yote yale, ukauliza kwa nini leo hakuonja. Nadhani aliliona swali hilo usoni kwangu kabla mimi mwenyewe sijalitambua.

“Unangoja nini?” aliniuliza. “Ulishaniona lini namwonjea Kalunde?”

Behewa likashtuka. Ilikuwa ya moto mno, lakini gari lilikuwa limeanza kutembea na Bibi alitembea kando yake mkono ameunyoosha, na nilijua jambo moja tu, kwamba kikombe kile hakitarudi kwake kikiwa na kitu ndani. Nikakinywa chote, machozi yakinitoka, nikampa.